Kifua kubana baada ya kukimbia kwa mtu asiye na pumu: je, ni ugonjwa uleule?

MamaNuru

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Nina binti wa miaka 15 anayekimbia mbio za mita 1,500 na mita 3,000, na kwa miezi minne sasa naona jambo ambalo sijapata wa kunieleza likanielea. Akiwa anakimbia hulalamika kidogo tu, pengine asilalamike kabisa. Akishamaliza, ameketi kwenye nyasi anakunywa maji na wenzake wameanza kuvaa masweta, ndipo kikohozi kikavu kinapomshika. Hukohoa mpaka mabega yakatikisika, akaweka kiganja kifuani na kusema kwamba anajisikia kama aliyefungwa mkanda ukakazwa. Nikimsogelea nasikia mlio mwembamba, kama filimbi inayopigwa mbali, kila anapotoa pumzi. Baada ya nusu saa au zaidi kidogo hali hiyo hujiishia yenyewe, na ikifika jioni huwezi kujua kwamba kuna lililotokea.

Nimempeleka kwa daktari mara mbili. Mara zote mbili alisikilizwa kifua akiwa ametulia, kikaonekana safi. Mara ya pili akapulizishwa kwenye mashine ya kupima mapafu, nayo ikatoa majibu mazuri kabisa. Tuliambiwa kwamba hana pumu, kwamba tangu utotoni hajawahi kuwa nayo, na kwamba huenda pumzi zake bado ni changa, hivyo aongeze mazoezi. Aliongeza, na kikohozi nacho kikaongezeka. Mwalimu wake wa michezo anaona ni woga wa mashindano. Binti mwenyewe ameanza kusema kwamba ataacha mbio, na anaposema hivyo hutazama pembeni, kwa sababu najua anavyozipenda.

Naomba kuelimishwa. Je, njia za hewa zinaweza kubana kwa sababu ya mazoezi kwa mtu ambaye hana pumu hata kidogo? Kama zinaweza, hali hiyo inatofautianaje na pumu yenyewe? Na mbona kila anapopimwa anaonekana mzima, ilhali mimi kwa masikio yangu nimeusikia ule mlio?

MpimaPumzi

Mama Nuru, pole kwa mahangaiko, na binti naye umpe pole. Kazi yangu ya kila siku ni kupima mapafu katika maabara ya hospitali, kwa hiyo nitaeleza yale ninayoyaona na kuyafanya, na uamuzi wa dawa nitauacha kwa daktari wenu.

Inawezekana kabisa, wala si jambo la nadra. Zamani hali hii iliitwa pumu ya mazoezi, lakini jina hilo linaachwa kidogo kidogo kwa sababu linamfanya msikilizaji adhani kwamba mazoezi ndiyo yanayozaa pumu. Siku hizi husemwa kwamba njia za hewa zimebana kwa kuchochewa na mazoezi, kisha ndipo huulizwa kama mhusika ana pumu au hana. Miongoni mwa wenye pumu, makadirio ya wanaobanwa na mazoezi ni kati ya watu 40 na 90 kwa kila 100, kutegemea ukali wa pumu yao na jinsi inavyodhibitiwa. Miongoni mwa watu kwa jumla makadirio ni kati ya 5 na 20 kwa kila 100, na kwa wanamichezo wa mashindano idadi hupanda zaidi, hasa wale wa michezo ya theluji na wanaoogelea kwenye mabwawa yenye klorini.

Kinachotokea ndani ni hiki. Mtu aliyetulia huvuta lita 6 hadi 8 hivi za hewa kwa dakika, na karibu yote hupita puani, ambako hupashwa joto, hutiwa unyevu na kuchujwa. Akianza kukimbia kwa nguvu pua huzidiwa. Hewa inapovuka lita 35 au 40 kwa dakika kinywa hufunguka chenyewe, na mkimbiaji aliyekaza mwendo anaweza kufika lita 100 kwa dakika au kuzidi hapo. Hewa yote hiyo, kabla haijafika ndani kabisa ya mapafu, ni lazima ipate joto la mwili la nyuzi 37 na ijae unyevu, ambao ni takribani miligramu 44 za maji kwa kila lita. Maji hayo huchotwa kwenye utando wa majimaji unaofunika kuta za njia za hewa, na utando huo ni mwembamba mno: majimaji yote yaliyo katika migawanyiko 10 ya kwanza ya njia hizo hayafiki mililita 1. Unaweza kuona jinsi kisima hicho kinavyokaukiwa haraka pale anayechota anapokuwa mkimbiaji wa mita 1,500 mwenye kinywa wazi.

Maji yakichotwa kwa kasi kuliko yanavyorudi, chumvi iliyobaki hukolea, seli za juu ya utando hunywea, na seli za kinga zilizo jirani humwaga kemikali kama histamini, prostaglandini na leukotrini, ambazo huifanya misuli laini inayoizunguka mirija ya hewa ikaze. Hewa ya baridi huzidisha tatizo, kwanza kwa sababu hubeba unyevu kidogo, na pili kwa sababu mishipa midogo ya damu iliyokuwa imesinyaa kwa ubaridi hutanuka mkimbiaji anaposimama, na kuta za mirija zikavimba kidogo.

Sasa rudi kwenye zile nyasi na masweta. Wakati wa kukimbia, pumzi ndefu na homoni za mwili ulio kazini husaidia kuiweka mirija wazi. Mtu akisimama msaada huo huondoka, na kemikali zimekwisha kumwagika. Ndiyo maana kwa kawaida kubana hufikia kilele kati ya dakika 5 na 15 baada ya kusimama, kisha kwa wengi hulegea bila dawa ndani ya dakika 30 hadi 90. Kwa hiyo yule anayepimwa keshoyake akiwa ameketi kitini anapimwa wakati hakuna cha kupimwa. Mashine haikukosea, na wewe hukukosea. Saa tu ndiyo haikuwa yake.

Mwombe daktari aandike kipimo cha mazoezi. Sisi hufanya hivi: anapulizishwa kwenye spirometa, yaani ile mashine ya kupima mapafu, kabla ya kuanza, tunaandika kiasi cha hewa anachoweza kukitoa kwa nguvu katika sekunde ya kwanza, kisha anakimbia kwenye mashine ya kukimbilia kwa dakika 6 hadi 8, pua imebanwa kwa kibanio, hewa ya chumba ni kavu, na mapigo ya moyo yamefika asilimia 80 hadi 90 ya kiwango cha juu kwa umri wake. Akisimama tunampulizisha tena kila baada ya dakika chache mpaka nusu saa itimie. Kiasi kile kikishuka kwa asilimia 10 au zaidi, kubana kumethibitika. Ni lazima akaze kweli tangu dakika za mwanzo, kwa sababu mwendo wa polepole unaopanda kidogo kidogo unaweza kumpa nafuu na kipimo kikaonyesha uzima usiokuwepo. Hospitali nyingine huwa hazimkimbizi mgonjwa. Humpa hewa kavu iliyochanganywa na asilimia 5 ya kabonidioksidi aipumue kwa kasi kwa dakika 6, au unga wa manitoli wa kuvuta, ambao hukausha njia za hewa kwa namna inayofanana na hiyo.

Kabla ya siku hiyo nakuomba mambo mawili. Shika saa, uandike kikohozi kinaanza dakika ya ngapi baada ya kusimama na kinaisha dakika ya ngapi. Kisha mchunguze kama pua yake hupita vizuri asubuhi.

PumuTanguUtotoni

Mama Nuru, mimi nina pumu tangu nikiwa na miaka 6 na sasa nina miaka 58, kwa hiyo naandika nikiwa upande ule mwingine wa swali lako. Kwa mtu kama mimi mazoezi ni kichochezi kimoja tu miongoni mwa vingi. Hubanwa pia na vumbi, na mafua, na kucheka sana, na saa tisa za usiku bila sababu ninayoiona. Kama binti yako hulala usingizi wake mpaka asubuhi, hupata mafua yakapita bila kumshukia kifuani, na hubanwa baada ya kukimbia tu, hiyo ni habari muhimu ambayo daktari anapaswa kuisikia kutoka kwako, kwa sababu yeye hamwoni usiku.

Jambo ninalotaka kulisema kwa uzito ni la inhela. Nikiwa kijana nilipewa inhela ya bluu, yaani salbutamoli, dawa ya kulegeza mirija ya hewa, nikaambiwa nivute robo saa kabla ya kucheza mpira. Ilinifungulia dunia. Wenzangu hawakuamini kwamba ndiye yule aliyekuwa akiwekwa pembeni kuokota mipira. Lakini nilicheza kila siku, na nikavuta kila siku, na baada ya mwaka mmoja kinga iliyokuwa ikidumu saa tatu ikawa haimalizi hata kipindi cha kwanza. Nikaongeza mivuto. Nilikuja kuelezwa na daktari wa kifua kwamba dawa ya aina hiyo ikitumiwa kila siku mwili huizoea na nguvu yake ya kukinga hupungua, na kwamba muda wote huo moto ulikuwa ukiwaka chini wakati mimi nafukuza moshi. Kilichonisaidia ni inhela ya pili, ya kotikosteroidi, dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, ninayovuta kila siku niwe nabanwa au sibanwi. Haikunipa nafuu siku ile ile. Ilichukua wiki kadhaa, na wengi huiacha hapo kabla haijaanza kazi. Miongozo ya kimataifa ya pumu iliyotolewa mwaka 2019 iliacha kabisa kupendekeza kwamba mtu mzima au kijana mwenye pumu atibiwe kwa ile inhela ya bluu peke yake, na nikiikumbuka miaka yangu ya ujana naona walichelewa.

Nimejifunza pia kuutumia mwili wenyewe. Nikikimbia vipande vifupi vya kasi, sekunde 30 hivi, nikapumzika, nikarudia mara sita au saba, kifua hubana kidogo kisha kikaachia, na kwa saa moja hadi tatu zinazofuata naweza kukimbia bila kubanwa kama kawaida yangu. Daktari aliniambia kwamba karibu nusu ya watu hupata kipindi hicho cha ahueni na nusu nyingine hawakipati, kwa hiyo mjaribu mkiwa na dawa karibu.

Na akishindwa kumaliza sentensi moja kwa pumzi, au midomo ikigeuka rangi, usisubiri nusu saa iishe. Mpeleke hospitali mara moja.

MamaNuru

Mzee wangu, shikamoo, na nakushukuru sana. Nawe MpimaPumzi, Mungu akubariki kwa maelezo yaliyonyooka.

Nilishika saa kama nilivyoelekezwa, siku tatu za mazoezi. Siku ya kwanza kikohozi kilianza dakika ya 4 baada ya kusimama, siku ya pili dakika ya 6, na siku ya tatu, ambayo asubuhi ilikuwa na baridi kali, dakika ya 3. Siku zote tatu kilikuwa kikali zaidi kati ya dakika ya 8 na ya 12, na mara ndefu kuliko zote kilichukua dakika 50 kuisha. Usiku halali vibaya na mafua hayamshuki kifuani. Kuhusu pua, nimeona aibu kwamba sikuwahi kuliangalia: kila asubuhi pua yake imeziba, hupiga chafya mara nyingi, na hulala kinywa wazi. Nilidhani ndivyo alivyoumbwa.

Tumepata siku ya kipimo wiki ijayo. Ninaogopa kitu kimoja, nacho ni kumkimbiza kwa makusudi mtoto ambaye najua atabanwa.

KochaWaMbioZaKati

Mama Nuru, mimi ni kocha, na ninakubaliana na woga wako, lakini pale atabanwa akiwa na dawa mezani na watu wanaojua la kufanya, wakati uwanjani amekuwa akibanwa akiwa peke yake kwenye nyasi.

Naongeza tahadhari moja kabla hamjaamua kwamba jibu limepatikana. Niliwahi kuwa na msichana wa miaka 17 aliyepewa inhela mwaka mzima bila nafuu yoyote. Nilipomsikiliza kwa makini niligundua kwamba yeye alibanwa palepale anapokaza, kwenye mita 300 za mwisho, na sauti yake ilikuwa nzito, ya kukwaruza, ikisikika anapovuta hewa ndani. Akisimama tu, dakika mbili au tatu, amekuwa mzima. Alishika koo, wala hakushika kifua. Naomba MpimaPumzi atueleze tofauti hiyo, maana makocha wengi tunazichanganya.

Kuhusu binti kutaka kuacha, mwambie kwamba hali hii haijaanza kwake. Aretayo wa Kapadokia, tabibu wa karne ya 2, aliandika kwamba kukimbia, na kazi yoyote nzito, humletea mtu shida ya pumzi ambayo ni dalili ya pumu. Katika Olimpiki ya mwaka 1984 huko Los Angeles, wanariadha 597 wa timu ya Marekani walichunguzwa na 67 kati yao wakakutwa na hali hii ya kubanwa na mazoezi; hao 67 walirudi na medali 41. Paula Radcliffe wa Uingereza, ambaye amesema wazi kwamba anaishi na hali hiyo tangu akiwa msichana, alikimbia marathoni ya London mwaka 2003 kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25, na rekodi hiyo ya dunia ya wanawake haikuvunjwa mpaka mwaka 2019.

Upo pia mfano wa kusikitisha, nao unamhusu kila kocha na mzazi. Mwaka 1972 mjini Munich, mwogeleaji wa Marekani Rick DeMont, aliyekuwa na miaka 16 tu, alishinda dhahabu ya mita 400 kisha akanyang'anywa kwa sababu dawa yake ya pumu ilikuwa na efedrini, kichangamshi kilichokatazwa michezoni. Alikuwa ameitaja dawa hiyo kwenye fomu zake. Ni watu wazima waliomzunguka ambao hawakuifuatilia. Siku hizi kanuni za kupambana na dawa haramu michezoni zinaruhusu salbutamoli ya kuvuta isiyozidi mikrogramu 1,600 kwa saa 24, na isiyozidi mikrogramu 600 katika saa 8 zozote. Mivuto miwili ya kawaida ni mikrogramu 200, hivyo matumizi ya kawaida hayamkaribishi mtu kwenye hatari. Hata hivyo vidonge vya dawa hiyohiyo haviruhusiwi bila kibali, na baadhi ya dawa nyingine za kuvuta nazo huhitaji kibali, kwa hiyo kila dawa anayoandikiwa iandikwe na iulizwe kabla ya mashindano.

MpimaPumzi

Kocha ameuliza swali zuri. Alichokieleza kuhusu msichana wake ni kubana kwa zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho kooni, pale koo linapoachia nyuzi za sauti na tishu zilizo juu yake zisogee ndani wakati zinapopaswa kufunguka. Huko kubana kuko juu, kooni. Huku tunakozungumzia kuko chini, kwenye mirija ya mapafu. Kule shida ni kuvuta hewa, huku shida ni kuitoa. Kule kilele ni wakati wa kukaza mwendo, huku kilele ni baada ya kusimama. Hiyo ndiyo sababu niliomba saa ishikwe. Salbutamoli hailegezi koo, na tiba yake ni mafunzo ya kupumua pamoja na mtaalamu, baada ya koo kutazamwa kwa kamera nyembamba mgonjwa akiwa anafanya mazoezi. Yapo pia magonjwa ya moyo, upungufu wa damu na mambo mengine yanayokata pumzi, na mtu anayezimia au kuumwa kifua akikimbia asiridhike na inhela kabla moyo haujachunguzwa. Wala haitoshi kutegemea dalili peke yake: nimewapima wengi walioapa kwamba wanabanwa nikawakuta wazima, na wengine waliokuja kwa kumsindikiza mwenzao nikawakuta wameshuka asilimia 15 bila kujijua.

Saa alizoandika Mama Nuru zinaelekeza chini, kwenye mirija. Na pua iliyoziba ni sehemu ya habari yenyewe, kwa sababu mtoto anayeanza mazoezi akiwa tayari anapumua kwa kinywa anapeleka hewa kavu mapafuni tangu mita ya kwanza. Mwambieni daktari habari ya pua, aitibu nayo.

Kwa yule asiye na pumu, swali ambalo bado linachunguzwa ni kwa nini mirija yake ifikie hapo. Kwa wanamichezo wa mbio ndefu na wa kuogelea, inaonekana kwamba kukaushwa na kuchubuliwa kwa utando siku baada ya siku, kwa miaka, huifanya misuli iliyo chini yake iwe nyepesi kuchochewa. Kwa mwenye pumu uvimbe upo hata asipokimbia. Kitendo cha mwisho, yaani misuli kukaza, ni kilekile kwa wote wawili, na ndiyo maana salbutamoli huwafaa wote wawili siku ile, lakini mpango wa miezi sita huenda usifanane.

Siku ya kipimo asivute inhela yoyote aliyonayo kwa muda mtakaoelekezwa, asinywe kahawa, na asifanye mazoezi kabla ya kuja, kwa sababu kile kipindi cha ahueni alichokitaja mzee wetu kinaweza kutudanganya.

MamaNuru

Narudi na majibu, kwa sababu mlinibebea mzigo huu na ni haki yenu kujua.

Kabla ya kukimbia binti alitoa lita 3.10 katika sekunde ya kwanza. Alikimbia dakika 7 na kibanio puani, uso umemwiva. Dakika ya 5 baada ya kusimama alitoa lita 2.74, na dakika ya 10 akatoa lita 2.51, huku akikohoa kile kikohozi ninachokijua. Mpimaji alipiga hesabu mbele yetu: ameshuka asilimia 19. Nilitazama ule mstari kwenye karatasi unavyoteremka, nikamtazama binti, naye alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, kwa sababu kwa mara ya kwanza kuna kitu nje ya mwili wake kilichokuwa kikisema anachokisema yeye. Alipewa salbutamoli, na baada ya robo saa akatoa lita 3.12.

Daktari amesema kwamba kwa sasa hana ushahidi wa pumu, kwa kuwa mapafu yako sawa akiwa ametulia, hakuna dalili za usiku, na hakuna kichochezi kingine, ila atamfuatilia kwa sababu vijana wengine huonyesha pumu baadaye. Ameandikiwa dawa ya kupuliza puani kila siku. Salbutamoli atavuta mivuto miwili dakika 15 kabla ya mazoezi makali tu, kupitia chupa ya kuvutia dawa inayochomekwa kwenye inhela, maana alipoonyesha jinsi alivyofikiri inhela hutumiwa, nusu ya dawa ilimtoka mdomoni kama mvuke. Kwa kuwa anafanya mazoezi siku tano kwa wiki, nilimweleza daktari habari ya mzee wetu na kinga iliyochakaa. Alikubali kwamba hilo ndilo la kuangaliwa, na kwamba akijikuta anaihitaji karibu kila siku ataanzishwa kotikosteroidi ya kuvuta kwa kiwango kidogo. Nilimwuliza pia kuhusu vidonge vya montelukasti nilivyosikia vikitajwa. Alisema vinawasaidia baadhi ya watu, lakini tangu mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani imeviwekea onyo kali kwa sababu ya mabadiliko ya hisia na tabia, hivyo kwa msichana wa miaka 15 anayefanya vizuri bila hivyo haoni sababu ya kuanza navyo.

Mwalimu wake wa michezo nilimpelekea nakala ya karatasi ile. Aliisoma akiwa amesimama, akaniomba msamaha, kisha akaniuliza vipande vya kasi vya kupasha mwili viwe vingapi. Jumatano walifanya sita vya sekunde 30, wakapumzika dakika 10, ndipo wakaanza mazoezi yenyewe. Nilikuwa nimeketi pembeni na saa mkononi. Dakika ya 8 ilipita. Dakika ya 12 alikohoa mara mbili, akanywa maji, akavaa sweta lake akaendelea kuzungumza na wenzake. Kipimo cha marudio ni baada ya wiki 6, nami nitaziandika namba zake hapahapa.